Ndege 46, waliorudi 4: historia kwa sisi wenye kuandika memwari

Leo ninawaletea historia ya ndege mdogo sana. Mwishoni mtaona inatugusa namna gani sisi wa universite.

Zamani, kule Ulaya, watu hawakujua ndege wanaenda wapi wakati wa baridi. Aristotle aliandika kwamba mbayuwayu wengine wanajificha mashimoni. Alama ya kweli ilitoka huku kwetu Afrika. Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, walipiga risasi korongo aliyekuwa na mshale mrefu umepita shingoni, na mti wa mshale ule ulikuwa wa Afrika ya kati. Nyama ilimponyoka mwindaji wa huku, lakini maprofesa wa kule wakapata somo. Korongo yule iko anahifadhiwa hata leo universite ya Rostock.

Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, akaanza kufunga ndege pete za alumini zenye namba. Kazi nzuri. Lakini pete inakuambia mahali ndege alipofungwa na mahali alipookotwa tu. Njia ya katikati, kimya.

Hapo ndipo anaingia ndege wangu. Kwa Kifaransa anaitwa traquet motteux, juu ya anapenda kusimama kwenye mabonge ya udongo shambani. Ana gramu 25 hivi, na wengine wanataga Arktiki, kule Alaska na kisiwa cha Baffin, Kanada. Huyu huwezi kumbebesha mtambo wa satelaiti. Kwa hiyo watafiti walimvalisha mgongoni kitu kisichofika gramu 2: saa ndogo na kipimo cha mwanga, basi. Urefu wa mchana unaonyesha ndege yuko kaskazini au kusini kiasi gani. Saa ya jua kufika katikati inaonyesha mashariki au magharibi. Lakini kifaa hiki hakitumi habari. Lazima umkamate tena ndege yuleyule, mwaka unaofuata.

Walivalisha ndege 46. Waliopatikana tena na vifaa vyao: 4 tu.

Hao 4 walisema mengi. Matokeo yalitoka mwaka 2012: watatu wa Alaska walivuka Siberia na jangwa la Arabuni mpaka Afrika ya mashariki, majirani zetu wa Uganda wakiwemo, karibu kilometa 14,500 kwenda tu. Wa Baffin alikata Atlantiki, karibu kilometa 3,500 kwa siku 4, akapita Ulaya, akashuka mpaka Mauritania.

Sasa, juu ya nini ninawaeleza haya? Nilisoma habari hii wakati kazi yangu ya mwisho imeharibika. Nilikuwa na viwanja vidogo 24 vya maharage. Usiku mmoja mbuzi waliingia, vikabaki 7. Rafiki mmoja akaniambia: « Jaza tableau tu, nani atajua? » Nilikaa na karatasi ile siku mbili. Kusema kweli, namba za uongo nilikuwa nimeshaanza kuziandika kwa kalamu ya risasi.

Nikawafikiria wale watafiti. Walipoteza 42, na hawakuwatungia safari. Waliandika 46, wakaandika 4, kisha wakasema kile ambacho wanne walionyesha, bila kuongeza. Nikafuta. Nikaandika viwanja 7, na mbuzi nikawaandika pia. Siku ya kutetea, juri waliniuliza maswali makali juu ya hesabu ndogo vile, na pointi zangu hazikuwa kubwa. Lakini kila namba niliyosema niliweza kuitetea, maana niliipima mwenyewe.

Na wewe ndugu, tableau yako ikibaki na mashimo, utaijaza na nini?