Mafundi wa Hiari wa Amsterdam

Ni nani miongoni mwetu asiyejua taabu ya kumwachia fundi saa? Twaenda, twaambiwa, "Njoo kesho." Kesho yafika, na saa ingali wazi mezani. Hapo twaanza kumshuku fundi kuwa ametoa chuma kizima akatia kibovu, na pengine hana hatia kabisa. Habari tunayoisimulia ni ya watu wa Uholanzi walioliondoa shaka hilo kwa njia nyepesi sana.

Siku ya tarehe 18 Oktoba 2009, katika mji wa Amsterdam, mwandishi wa habari aitwaye Bibi Martine Postma aliwaalika watu waje na vitu vyao vilivyoharibika. Alikuwa akisikitika kuona vitu vikitupwa jaani kwa kasoro ndogo tu. Mafundi walikuja kwa hiari, wala hawakudai ujira. Mkutano ule uliitwa Repair Café, yaani mkahawa wa matengenezo, kwa kuwa wangojao zamu yao hunywa kahawa au chai.

Katika kawaida zao, kubwa ni hii: mwenye kitu haachi kitu akaenda zake. Huketi kando ya fundi, na kazi aiwezayo huifanya kwa mikono yake mwenyewe. Kifuniko kikiisha kufunguliwa, wote wawili hutazama ndani. Hapana chumba cha nyuma, basi hapana la kushuku.

Masharti mengine yaonekana makali. Fundi hatoi dhamana, naye ana haki ya kukataa kitu. Kikimshinda, hapaswi hata kukiunganisha tena; mwenyewe hukusanya vipande vyake akaondoka navyo. Watu wakiwa wengi, kila mmoja hutazamiwa kitu kimoja, kisha hurudi mwisho wa safu. Kipuri kipya, kama plagi au fyuzi, hulipiwa. Mtu angedhani kwamba masharti hayo yangewafukuza wageni. Sisi twaona ndiyo yaliyowatuliza, kwani kila mtu huyajua kabla bisibisi haijashikwa.

Liko swali ambalo kila fundi wa mjini angeliuliza: je, hawa hawatunyang'anyi riziki? Wao hujibu kwamba wengi wajao kwao wangevitupa vitu vyao, wala wasingemwendea fundi wa kulipwa. Tena mara nyingi huwaelekeza wageni kwa mafundi hao. Jibu hilo lafaa, ingawa fundi mwenye njaa huenda asiridhike nalo.

Postma aliunda shirika la kuwasaidia watu wa miji mingine, na mikahawa hiyo imepita 2,500 katika nchi nyingi. Wazee waliokuwa hawaulizwi neno tena wamepata meza ya kufundishia. Mara nyingine kitu hakiponi. Lakini mwenyewe amekwisha kuona kwa macho yake waya ulipoungulia, naye hurudi nyumbani bila kumnung'unikia mtu.