Kalori ngapi kwa siku ili upungue taratibu? Hesabu ya kibongo

Jamani wadau, mada hii nimeombwa sana na nilikuwa naikwepa, maana mimi si daktari, shule yangu imeishia kidato cha nne. Ila mwaka jana dada yangu alidondoka Mtaa wa Kongo, katikati ya watu na mikokoteni, ikabidi wamachinga wammwagie maji. Siku tisa alikuwa anaishi kwa matango na chai ya kukata tumbo, kisa gauni la send-off. Ndipo nikaanza kusoma.

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula. Gramu 1 ya wanga au sukari ina kalori 4, protini nayo 4, mafuta 9. Ndiyo maana mafuta ya kupikia yanatumaliza: kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120, na mama ntilie gani anapima kijiko?

Sasa hesabu, chukua simu yako. Kuna kanuni ya mwaka 1990 ya Mifflin na St Jeor. Uzito wako kwa kilo zidisha mara 10, urefu kwa sentimita zidisha mara 6.25, vijumlishe, halafu toa umri wako mara 5. Mwanaume anaongeza 5, mwanamke anatoa 161. Hiyo ndiyo nguvu ambayo mwili unatumia hata ukilala tu. Kisha zidisha mara 1.2 kama kazi yako ni kukaa, 1.375 kama unatembea tembea kidogo, 1.55 kama unajishughulisha vya kutosha. Kuli anayepandisha magunia pale Shimoni kutwa nzima anafika 1.725, huyo ale tu.

Dada alikuwa na kilo 78, urefu sentimita 160, miaka 24. Inakuja 1,499. Anauza vitenge, kwa hiyo mara 1.375, inakuwa kama 2,060. Toa 500, inabaki 1,560. Hapo ndipo pa kupungulia.

Kwa nini 500? Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700. Ukipunguza 500 kila siku, kwa wiki ni 3,500, yaani karibu nusu kilo. Ni kwenye karatasi lakini. Wiki ya kwanza utashuka haraka kwa sababu ya maji, baadaye inakuwa polepole kwani mwili mwepesi unatumia kidogo. Bila daktari, mwanamke asishuke chini ya 1,200 na mwanaume 1,500.

Kwa chakula chetu 1,560 si njaa kabisa. Asubuhi chapati moja (unga gramu 60 na kijiko cha mafuta, kama 340) na chai ya rangi yenye kijiko kimoja cha sukari, 20. Mchana ugali wa unga gramu 120, kama 430, maharage kikombe 220, mchicha wa kijiko kimoja cha mafuta 150. Usiku wali wa mchele mkavu gramu 60, kipande cha samaki wa kuchoma na chungwa, jumla kama 400. Umemaliza. Sahani ya chipsi mayai peke yake inaweza kufika 900, na soda ya mililita 350 ni kama 150. Mwaka 2008 Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard walitoa kitabu cha majedwali ya vyakula vya Tanzania, humo utakuta mpaka vyakula vya kwetu vilivyopikwa.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasijaribu hii. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi aanzie kwa daktari, maana akipunguza chakula bila kupunguziwa dawa sukari inaweza kushuka akazimia.

Na hizo chai za kupitishwa mkononi, mziache. Dawa ya sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa hatari ya moyo na kiharusi, lakini wakaguzi huko wameikuta tena na tena imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza unene zinazoitwa za asili.

Kupima, mara moja kwa wiki inatosha, asubuhi, nguo zile zile. Sisi tunaenda kwa mzee wa mizani wa pembeni ya barabara, kila Jumamosi, mizani ile ile.

Gauni lilirudi kwa fundi akaongeza nafasi pembeni, send-off ikapita vizuri. Dada ameshuka hadi kilo 72, imemchukua miezi mitano badala ya mitatu ya kwenye karatasi. Hesabu yake mpya ni kama 1,480, na sasa hivi tunagombania ile chapati ya asubuhi.