Unataka kuwa kochi wa jimu? Soma hii kabla utoe ganji

Kuinua chuma tangu fom tuu haikufanyi kochi, msee. Siku klayenti wako atazimika katikati ya skwoti, hiyo siksipaki yako haitamsaidia. Ndio maana vyeti ziko.

Zile zinajulikana dunia nzima nyingi ni za Marekani. ACSM iko tangu 1954, NSCA 1978, ACE 1985, NASM 1987. Mtihani wao wa kochi wa kibinafsi unatambuliwa na NCCA, wale hukagua kama mtihani wa cheti ni legiti. So ukiona tangazo la "kozi ya wikendi, cheti Jumapili", uliza nani alikagua. Ukitumiwa tu picha za mabaisepu, shika doh yako.

Kama bado uko kampo, ama uliacha kama mimi, hiyo ya kochi wa kibinafsi haikuulizi digrii. Uwe na miaka 18, na cheti ya CPR na AED, yaani kusukuma kifua na kutumia ile mashine ya kushtua moyo. Hii ndio watu husahau, manze. Hapa Kenya, Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufunza huduma ya kwanza. Fanya ile ya kushika mdoli kwa mikono, si kubonyeza majibu kwa simu pekee.

Digrii inaanza kuulizwa ukitaka kunoa timu, tuseme raga ama riadha. Hapo kuna CSCS ya NSCA. Ukiwa mwaka wa mwisho unaweza kaa mtihani, lakini cheti hushiki mpaka ugradueti. Iko na sehemu mbili, sayansi na kazi ya uwanjani, na lazima upite zote. ACSM-EP nayo inataka digrii ya sayansi ya mazoezi ama kitu karibu na hiyo. Kenyatta University wanafunza hii sayansi, kwa hivyo kama uko huko, usiharakishe kununua cheti ndogo mwaka wa kwanza.

Halafu cheti hu-ekspaya. ACE na NASM ni kila miaka 2, ACSM na NSCA ni 3, na kurenyu ni kusoma tena na kulipa tena, kwa dola. Kwa hivyo kabla ulipe, ingia kwa jimu tatu unataka kufanyia kazi, uliza meneja ni gani wanakubali.