Kamera kwenye pikipiki: uifunge wapi?

Dereva wa bodaboda anayekimbia Kahama na Kakola, au Geita na Katoro, hanunui kamera ndogo kwa ajili ya mapambo. Anataka akigongwa, au abiria akigeuka kuwa mwizi, awe na kitu cha kuonyesha zaidi ya maneno yake. Swali ni aifunge wapi. Jibu letu ni kifuani, na tutaeleza kwa nini.

Wengi huanza na usukani, kwa kuwa stendi za simu hupatikana kirahisi. Lakini hapo ndipo penye mtikisiko mkubwa. Boxer na TVS za kazi zina injini ya silinda moja, na mtetemo wake hupanda hadi kwenye usukani hata ukiwa kwenye lami. Ukiingia kwenye changarawe na makorongo, picha inaweza kuvurugika kiasi kwamba namba ya gari lililokugonga haisomeki. Simu nayo huumia. Ndani ya kamera za simu nyingi mna vipande vidogo vinavyocheza ili kutuliza picha, na mtetemo wa muda mrefu huviharibu. Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake wasifunge iPhone moja kwa moja kwenye pikipiki zenye injini kubwa. Kwa injini ndogo ilishauri stendi yenye kipunguza mtikisiko.

Kwenye helmeti picha hutulia vizuri, maana mwili na shingo hunyonya mitikisiko, na kamera hutazama unakotazama. Tatizo ni siku ya kuanguka. Helmeti ni laini na ya mviringo ili iteleze barabarani. Kitu kilichochomoza juu yake kinaweza kukwama na kupinda shingo. Usiitoboe kamwe kwa skrubu, utaidhoofisha. Ukishikilia helmeti, tumia kibandiko kinachoachia kikigongwa, na uweke kidevuni. Ila helmeti nyingi za bodaboda ziko wazi usoni, hazina kidevu cha kubandika.

Kifuani unavaa mkanda kama wa begi. Kamera inaona mikono yako, breki, saa ya mwendo na barabara, vyote kwa pamoja. Wakati wa kubishana nani mwenye kosa, hilo ni jambo kubwa: itaonekana kama ulishika breki na kama ulikuwa upande wako. Ivae juu, karibu na shingo, juu ya reflekta, na uielekeze juu kidogo. Ikishuka itarekodi tanki tu. Ukipaki unaondoka nayo, haibaki kumshawishi mwizi. Kasoro yake ni mzigo: ukiweka gunia juu ya tanki, huna picha. Na chagua kamera ndogo, kwa kuwa ukianguka kifudifudi utaangukia hiyohiyo.

Nyuma, kwenye keria, hatupashauri sana. Abiria na mizigo huziba, na vumbi la kiangazi humaliza lenzi. Popote ilipo, usifute lenzi kwa pindo la shati. Puliza vumbi kwanza, kisha kitambaa laini.

Ukanda wetu una jambo lake pia. Ukipeleka mtu mgodini, iwe Bulyanhulu, Geita au Mwadui, zima kamera na uivue kabla ya kufika getini. Mlinzi hawezi kujua kwa kuitazama kama imezimwa. Kwenye machimbo madogo nako, wanunuzi na wauzaji wa dhahabu hawapendi kurekodiwa, na wana sababu: video inayoonyesha nani kabeba nini inaweza kuwaletea majambazi. Sura ya abiria wako usiitupe kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023.

Likitokea la kutokea, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii mahakamani, lakini namna ulivyotunzwa huangaliwa. Kwa hiyo weka tarehe na saa sahihi kwenye kamera tangu siku ya kwanza. Baada ya ajali, zima kamera, chomoa memori kadi, iweke pembeni. Usikate video wala kuiwekea muziki. Polisi wapelekee kadi yenyewe, na wewe ubaki na nakala.