Mabaniani wa Forodhani na Krishna Mtoto

Mto Ruzizi, unaopita chini ya vilima vya Mumosho kusini mwa Bukavu, huishia Ziwa Tanganyika. Novemba 1871 wasafiri Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi hadi mlangoni mwake, wakahakikisha kwamba maji yake huingia ziwani, hayatoki. Vitambaa na shanga alivyopelekewa Livingstone huko bara vilikuwa vimepitia kwa Ladha Damji, Baniani (mfanyabiashara Mhindi) wa Unguja, wakala wa nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi forodha ya Sultani tangu miaka ya 1830. Pembe za ndovu za Maniema nazo zilitozwa ushuru forodhani hapo.

Wanahistoria huwataja Mabaniani hawa wa forodhani kwa hesabu zao. Naamini hawaeleweki bila ibada yao. Walikuwa Wabhatia wa Kutch, India, jamii ambayo wengi wake hufuata njia ya Vallabha (1479–1531). Yeye alifundisha kwamba Mungu hafikiwi kwa kujitesa: neema yake humtangulia mja, na mja huijibu kwa mapenzi. Mapenzi hayo ndiyo bhakti. Nyumbani, Mungu huyo, Krishna, hulelewa kama mtoto. Alfajiri sanamu yake huamshwa kwa nyimbo, huogeshwa, huvishwa kulingana na majira, huandaliwa chakula kisicho na nyama, na mchana hulazwa. Watu hula baada yake, na chakula hicho hukipokea kama zawadi iliyotoka kwake. Anayemhudumia haombi malipo. Furaha ya Krishna inamtosha. Wala halazimiki kuacha mke au biashara, kwani Vallabha mwenyewe alioa akapata watoto.

Ibada ya namna hii yaweza kuvuka bahari pamoja na mfanyabiashara. Hata hivyo, kwa miaka mingi Wabhatia wa Unguja waliwaacha wake zao Kutch, maana safari ya baharini ilihofiwa kumtia mtu unajisi.

Katika lugha ya jirani zao, Kigujarati, Narsinh Mehta wa karne ya 15 alikuwa ameimba kwamba mja wa kweli wa Vishnu, jina jingine la Mungu huyo, ni yule anayeguswa na uchungu wa mwenzake, naye alitukanwa na watu wa tabaka lake kwa kuimba nyumbani kwa waliodharauliwa. Kwa kipimo hicho, kilichotoka ndani ya bhakti yenyewe, ushuru uliotozwa Unguja kwa watumwa waliotolewa bara, hadi mkataba wa Juni 1873 ulipofunga soko lao, ni deni ambalo nyimbo za alfajiri hazikulifuta.