Kutoka Tezi Hadi Omo

Nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka 30, nikamalizia utumishi wangu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na katika muda huo wote sikuwahi kuwaeleza wanachuo wangu historia ya kifaa chochote, ukiacha bunduki na garimoshi. Wafalme niliwafundisha, mikataba niliifundisha, na vita nilivifundisha mpaka chaki ikaisha. Historia ya kifaa ilinijia uzeeni, kwa njia ya simu, na ilinijia kwa sababu ya kosa langu mwenyewe.

Kijana wangu wa pili anaishi Marekani, katika jimbo la Minnesota, karibu na mahali ambapo mto Mississippi ndio mpaka kati ya jimbo hilo na Wisconsin. Anayo boti ya alumini ya futi 16 yenye injini ya petroli, na mwishoni mwa juma huenda kuvua kwa mshipi. Wavuvi wa kule hawaridhiki na injini ya petroli peke yake. Huongeza na mota ndogo ya umeme inayotumia betri. Injini huwafikisha mahali pa kuvulia, kisha huizima na kuiwasha mota, ambayo huenda taratibu bila kelele, wakiburuta ndoano nyuma ya boti au wakiishikilia boti mahali pamoja samaki wasishtuke.

Alinipigia simu. "Shikamoo baba." Nikaitikia. Akasema anataka kununua mota ya namna hiyo. Ya kufungwa mbele kwenye omo bei yake ilikuwa kubwa. Ameona nyingine ya mkono wa pili, ya kubana nyuma, kwa bei ya kutupa. Nifanyeje, baba?

Mimi, ambaye sijapata kumiliki hata kafi, nilimjibu kwa sauti ile ya ofisini. Nikamwambia nguvu ni nguvu, ikisukuma au ikivuta ni mamoja. Anunue ile ya bei nafuu, fedha inayobaki akamlipie mtoto masomo ya muziki. Akanisikiliza. Watoto wetu hutusikiliza hata pale ambapo heri wasingetusikiliza.

Sasa, mto Mississippi katika sehemu zile una siri chini ya maji. Tangu miaka ya 1870 na 1880 wahandisi wa jeshi la Marekani walijenga kuta za mawe na matita ya matawi, zikitoka ukingoni kuelekea katikati ya mto, ili kuubana mkondo uchimbe wenyewe njia ya meli. Mabwawa na malango ya meli yaliyojengwa miaka ya 1930 yalipoinua maji, kuta nyingi zilizama. Bado zipo. Samaki waitwao walleye hupenda kukaa mbele ya kuta hizo, kwenye uso unaopokea mkondo, wakingoja chakula kiletwe na maji. Kwa hiyo wavuvi nao hukaa hapo.

Kijana wangu alikwenda hapo na binti yake wa miaka 9. Alizima injini, akawasha ile mota ya nyuma, akaigeuza boti itazame mkondo. Ilikaa kwa dakika chache. Upepo ukaja, ukaipiga omo iliyo nyepesi na ndefu kutoka majini, ikageuka kidogo. Mkondo ukaipokea ile kidogo ukaifanya kubwa, na boti ikalala ubavu kuelekea mawe. Kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameketi nyuma akishika mkono wa mota, alifanya ambalo lingefanywa na mtu yeyote aliyeketi nyuma: aliikamata nanga iliyokuwa miguuni pake akaitupa kutokea tezi. Kamba ilipokaza, tezi ikavutwa chini. Tezi ya boti za namna ile ni bapa, imekatwa chini ili ibebe injini, na ndipo ulipo uzito wote. Mto ukaingia humo kama mgeni aliyekaribishwa. Alikata kamba kwa kisu cha samaki. Mvuvi mwingine aliyekuwa karibu aliwavuta hadi ukingoni. Mtoto alikuwa amevaa jaketi la kuokolea. Alilowa hadi kiunoni, wala hakudhurika. Jioni ile aliniuliza katika simu, "Babu, kwa nini boti iligeuka?"

Sikuwa na jibu. Niliagana naye nikatoka kukaa barazani, na tangu hapo nikaanza kusoma.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni ukongwe wa umeme majini. Mimi nilidhani petroli ilitangulia, umeme ukafuata. Kumbe sivyo. Mwaka 1838, katika mto Neva, St. Petersburg, mhandisi Moritz Hermann Jacobi, mzaliwa wa Potsdam aliyekuwa akifanya kazi kwa fedha za Tsar wa Urusi, aliendesha boti ya umeme iliyobeba watu zaidi ya kumi. Ilikwenda polepole mno, na betri zake zilikula zinki ambayo ikishaisha imekwisha. Ilibidi kumngoja Mfaransa Gaston Planté, ambaye mwaka 1859 aliunda betri ya risasi na asidi inayoweza kujazwa tena, babu wa betri iliyomo katika daladala na matrekta yetu. Kisha akaja Mfaransa mwingine, Gustave Trouvé. Mwaka 1881 aliteremsha boti katika mto Seine, Paris, ikiwa na mota na rafadha vilivyopachikwa kwenye usukani, hata ukiung'oa usukani umeing'oa na mota. Wapo wanaosema hiyo ndiyo mashine ya kwanza ya kupachika duniani. Mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, boti za umeme zaidi ya 50 zilikuwa zikizungusha wageni katika mabwawa ya uwanja, kimya kimya.

Halafu petroli ikaja na kelele zake, na dunia ikasahau ukimya. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Wisconsin, aliuza mashine zake za kupachika kuanzia mwaka 1909. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia siku alipopiga makasia katika jua kali kumpelekea mchumba wake aiskrimu, ikayeyuka njiani. Kama ni kweli, basi hamu ya kwenda mbio ziwani ilizaliwa na aiskrimu, na mimi sioni ubaya, maana nimesoma sababu za vita zisizofikia hata hiyo.

Mota anayoitaka kijana wangu ni ya ukoo mwingine. Ilizaliwa mwaka 1934 katika mji wa Fargo, North Dakota, penye mto Red River unaotenganisha jimbo hilo na Minnesota. Mtu aitwaye O. G. Schmidt alichukua stata ya gari aina ya Ford Model A, akaiunganisha na shafti inayopinda na rafadha. Jina la kampuni yake, Minn Kota, limeshonwa kwa vipande vya majina ya majimbo hayo mawili. Ulikuwa wakati wa shida kubwa ya uchumi, na kitu kilichotengenezwa kwa stata ya gari la zamani hakikuhitaji maelezo. Mota hizi nazo zilibanwa nyuma.

Kwa nini nyuma? Trouvé aliweka nyuma, Evinrude aliweka nyuma, na mota hizi za kwanza nazo zikawa nyuma. Rai yangu ni kwamba usukani uko tezi, nahodha huketi penye usukani, na kila mashine mpya ilimfuata nahodha alikoketi. Hakuna aliyekosea. Wote walikuwa na safari ya kwenda, na kwa mwendo wa kwenda, tezi ni mahali pazuri kabisa. Shida huanza kwa mtu ambaye hataki kwenda.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba wangu, mvuvi wa Rufiji. Akiwa safarini aliketi tezi na kafi lake. Lakini akitaka kusimama katikati ya mkondo, alitembea hadi omo akachomeka upondo mchangani na kuufunga mtumbwi hapo, nao ukalala umenyooka nyuma ya upondo kama bendera nyuma ya mlingoti. Upepo ukiusogeza, maji yenyewe yaliurudisha. Laiti angefunga tezi, maji yangekuwa yakitafuta kuugeuza kila dakika. Nilikuwa mtoto wa miaka 8 au 9, umri wa mjukuu wangu, na nililiona jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyokula wali. Kisha nikasoma, nikapata vyeti, nikawa mkuu wa chuo, nikamwambia mwanangu kwamba kusukuma na kuvuta ni mamoja.

Wamarekani nao walichelewa kuhamia omo, kwa sababu moja ambayo ni nyepesi kuieleza: mvuvi ana mikono miwili tu, na yote ina kazi ya fimbo na mshipi. Mota iliyo mbele ingeongozwa na nani? Jawabu lilitoka Mississippi, jimbo lenye jina la mto ule ule, ambako mwaka 1951 G. H. Harris alipata hataza ya mota ya omo inayoongozwa kwa mguu. Pedali ikageuza shafti, mikono ikawa huru. Mwaka 1967 muuza bima wa Alabama, Ray Scott, aliitisha mashindano ya uvuvi katika ziwa Beaver, Arkansas, wakaja wavuvi 106, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wavuvi wa samaki aina ya bass. Katika mashindano ya namna hiyo mtu husimama mbele na kurusha ndoano pembezoni mwa maji mara mamia kwa siku, mguu ukiwa juu ya pedali. Omo ikawa kiti cha enzi.

Hatua ya mwisho ilitoka angani. Mwezi Mei 2000 Rais Clinton aliamuru kuondolewa kwa kasoro iliyokuwa ikitiwa makusudi katika mawimbi ya satelaiti za kuonyesha mahali, kasoro iliyoweza kumpoteza mtumiaji wa kawaida hadi mita 100. Miaka kumi hivi baadaye zikaanza kuuzwa mota za omo ambazo ukibonyeza kitufe hujua mahali zilipo, na mkondo au upepo ukiisogeza boti, mota hujigeuza yenyewe na kuirudisha. Upondo wa mjomba, ila huu haugusi mchanga.

Baada ya kusoma hayo nilimpigia mimi. Safari hii nilimuuliza kwanza, jambo ambalo mwalimu hujifunza mwisho. Boti ikijaa watu, injini, mafuta na betri ina uzito gani? Kama pauni 1,500. Kanuni yao ni pauni 2 za msukumo kwa kila pauni 100 za uzito, yaani 30 zingemtosha ziwani siku ya utulivu. Mtoni hazitoshi. Mota kubwa ya betri moja ya volti 12 hutoa kama pauni 55. Za volti 24 hufika 80. Nilimshauri hizo 80, si kwa ajili ya mbio, kwani msukumo mkubwa hauongezi sana mwendo, bali ili mota ifanye kazi bila kuhema na betri zidumu hadi jioni. Betri za risasi ni nzito, moja kama kilo 27. Za lithiamu hupunguza uzito huo hata kwa nusu, lakini bei yake inauma. Nilimwambia, vyovyote atakavyochagua, asizirundike omo. Aziweke katikati au nyuma kwa waya nene, na kikata umeme kiwe karibu na betri.

Tulibishana kuhusu urefu wa shafti. Yeye alitaka fupi, kwa ajili ya maji machache. Mimi nikamkumbusha matishari yanayopita pale yakisukumwa, na mawimbi yake: omo ikiinuka, shafti fupi hutoka majini, rafadha ikapiga hewa, na ndiyo dakika ile unayoihitaji. Alipima kutoka sitaha hadi majini akapata inchi 20. Tukakubaliana shafti ya inchi 52, yenye kishikio kinachoachia chenyewe rafadha au shafti ikigonga jiwe.

Pedali au rimoti? Hapo nilinyamaza, maana mguu ni wake. Alichukua yenye vyote viwili na yenye satelaiti. Gharama yake sitaitaja. Iliwahi kunitosha mshahara wa miezi mingi. Ile ya nyuma anayo bado, ameiweka katika banda la gari, na mjukuu wangu amekataa isiuzwe.

Wahenga walisema ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilimtajia kijana, akacheka, akasema ngama ya boti yake ina pampu. Kisha akauliza kama kwa mota yenye kushikilia mahali yenyewe kuna haja tena ya kubeba nanga.

Nikamwambia betri huisha. Abebe nanga, na kamba yake aifunge omo.