Fundi Mitambo na Kura ya Watazamaji: Tuzo ya Ufundi wa Televisheni Inadai Nini?

Jioni ya mechi ya Simba na Yanga, kibanda umiza cha Misunkumilo hujaa mapema, kama vibanda vya kata nyingine za Manispaa ya Mpanda. Mechi ikienda vizuri, ubishi ni wa refa na washambuliaji. Sauti ikikatika kidogo tu, ndipo watu wanapokumbuka kuwa yuko fundi mitambo mahali fulani, na wanamkumbuka kwa matusi. Akifanya kazi yake sawasawa hakuna anayemwona. Sasa kazi ya namna hiyo ipimwe vipi, na nani, hadi istahili tuzo?

Wamarekani walikutana na swali hili mapema. Jina lenyewe la tuzo yao ya televisheni, Emmy, ni la kifundi: linatokana na "Immy", jina la utani la mrija wa kamera wa miaka ya 1940, likageuzwa kidogo kwa kuwa sanamu ni ya mwanamke mwenye mabawa aliyeinua atomi. Usiku wa kwanza, Januari 25, 1949, zilitolewa tuzo 6 tu, na moja ilimwendea fundi, Charles Mesak. Vipengele vilipoongezeka, wahariri wa picha, wachanganya sauti, wabunifu wa mavazi na wapambaji walitengewa hafla yao, siku chache kabla ya ile kubwa inayotazamwa na dunia. Wapo wanaoona huko ni kusukumwa uani. Lawama hiyo ina haki yake, lakini inapita kando ya jambo lenye uzito zaidi, yaani kura: wahariri hupimwa na wahariri wenzao, watu wa sauti na watu wa sauti.

Hata tuzo za Africa Magic, zilizoanza 2013 na kubeba jina la chaguo la watazamaji, huwaachia majaji vipengele vya kiufundi. Nchini Kenya, tuzo za Kalasha, zilizoanza 2009, zina nafasi ya wahariri, watu wa sauti na watu wa taa.

Kwetu Tanzania historia ni fupi. Televisheni ya Zanzibar ilianza miaka ya 1970, tena kwa rangi. Bara ilisubiri hadi 1994. Tuzo zimekuja baadaye sana: tamasha la Sinema Zetu mwaka 2018, kisha Tuzo za Filamu Tanzania zilizofanyika Mbeya 2021. Katikati ya haya umeota utamaduni wa "nipigie kura". Kwa mwigizaji sina ugomvi nao, maana mtazamaji anamjua. Lakini mtu wa Misunkumilo aliyesikia mazungumzo bila kukwazwa na kelele za feni hana sababu ya kujiuliza ni nani aliyeziondoa. Kumwomba apige kura ya mchanganyo bora wa sauti ni kumwomba ahesabu wafuasi wa mtu mtandaoni.

Nitaambiwa kuwa tuzo hainunui maikrofoni, na kwamba kijana anayeshika kamera kwa dei waka, bila mkataba, anahitaji malipo kabla ya kikombe. Ni kweli. Ila kijana huyohuyo hana barua ya ajira ya kuonyesha. Hukumu iliyoandikwa na mafundi wenzake ndiyo ingekuwa cheti chake kwa mwajiri wa kesho.

Neno muhimu hapo ni "iliyoandikwa". Tuzo ya kupendwa inadai idadi. Ya ufundi inadai sababu, na sababu zinadai msamiati. Studio zetu nyingi hufanya kazi kwa Kiswahili, lakini zikifika kwenye mshono wa picha au kina cha mwangaza huhamia Kiingereza. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoanzishwa 1967, linaweza kusanifu istilahi, lakini istilahi hukomaa kwa kutumika katika ubishi wa wenye kazi. Jopo la majaji linalolazimika kueleza kwa nini kazi hii imeishinda ile ni mahali pazuri pa ubishi huo.

Basi kwa Bodi ya Filamu Tanzania na waandaaji wengine wa tuzo, ombi langu ni dogo: kila kipengele cha ufundi kiamuliwe na wenye fani hiyo, na sababu za majaji zichapishwe kwa Kiswahili, hata ukurasa mmoja, ambapo kijana wa Misunkumilo anayehariri video kwa simu anaweza kuzisoma.